Tini Alizokula Bila Maji

Kila siku kabla jua halijawa kali, Syombua alimswaga punda wao hadi mtoni. Mto ulikuwa jina tu! Mwaka ule wa ukame, kijiji kizima cha Zombe kilichimba mashimo mchangani na kuchota maji kwa kata, polepole, mpaka mitungi ikajaa.

"Syombua wangu ni mtu mzima," mama yake, Mbinya, aliwaambia majirani. "Anachota maji yote hayo, na yeye hanywi mpaka jioni."

Basi, msichana akisikia hivyo, alizidi kuvumilia kiu. Sifa nazo zina balaa yake. Chakula kilikuwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, asubuhi na jioni, bila maharagwe wala mboga. Tumbo likafunga. Alienda chooni akarudi vilevile, jasho likimtoka, na kwa kuona haya hakumwambia mtu.

Siku moja maumivu yalimkunja njiani, akakaa chini mbele ya duka la kina Amin na kulia. Khamisa, mama yake Amin na mke wa mwenye duka, alimwingiza ndani akamhoji mpaka akasema. Kisha akampa tini kavu alizoletewa na ndugu zake wa Mombasa.

"Tini hulainisha tumbo. Ziloweke usiku katika kikombe cha maji. Asubuhi uzile, na yale maji uyanywe. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama Amin."

Alisikia, lakini jioni alisimama kando ya mtungi na kikombe mkononi, moyo ukasita. Mdogo wake, Musembi, alikuwa akililia maji. Kikombe kizima cha kulowekea matunda? Dhambi hiyo! Alizitafuna tini zote zikiwa kavu, akalala.

Kulipokucha hakuweza kusimama. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Aiya! Mwanangu anakufa!" Mbinya alilia. Akampandisha juu ya punda, akakimbia naye zahanati.

Nesi alilibonyeza tumbo, akampa dawa, kisha akamgeukia mama. "Jana huyu alikunywa maji kiasi gani?"

Mbinya alimgeukia binti yake. Aliona aibu kubwa.

"Nilipewa tini," Syombua akanong'ona. "Sikuziloweka. Musembi angekosa maji."

"Tini ni nzuri sana," nesi alisema, "lakini nyuzinyuzi zake zinahitaji maji ndipo zisukume choo. Umezila kavu nawe umekauka, zikakwama."

Mbinya alifunika uso kwa leso, akalia mbele ya watu.

Tangu hapo alimlowekea mwenyewe tini nyingine walizopewa na Khamisa, na Syombua alikunywa maji mchana kutwa. Asubuhi moja msichana alitoka chooni akicheka. Mama yake alikuwa akimngoja na kikombe kingine cha maji.

"Na Musembi?" Syombua aliuliza.

"Musembi atapata. Yakipungua, nitarudi mtoni mimi. Nilikusifu kwa kukaa na kiu, na sifa zangu nusura zikuue. Kuvumilia ni kuzuri, lakini mwili una haki yake. Chakula bora bila maji hakikusaidii, na ugonjwa ukiuficha kwa aibu unakomaa. Kunywa, mama."

Syombua alikunywa yote. Kisha, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akaomba mengine.