Mama Kwenye Foleni ya Darubini

"Mama, inama kidogo. Funga jicho moja."

"Lipi?"

"Lile lililochoka zaidi."

Watu wakacheka gizani. Mimi sikucheka. Niliishusha tochi yangu, maana sauti iliyouliza "Lipi?" ilikuwa ya mama yangu mzazi, na aliyekuwa akimwelekeza ni mpenzi wangu, mtu ambaye mama aliapa hataki hata kumwona.

Asubuhi mama alikuwa ameniandikia: "Siji kwenye tamasha lenu la nyota. Na huyo mtu wako simtaki. Anayelala mchana si mume, ni mgonjwa." Kumbe kajileta mwenyewe, kimya kimya!

Ningemtumia mpenzi wangu ujumbe, lakini simu zilikuwa marufuku. Yeye na wanasayansi wenzake wa nyota walitangaza mapema: mwanga mweupe kidogo tu, na macho ya kila mtu yanaanza upya kuzoea giza. Taa za uwanja zilizimwa zote. Zilibaki tochi nilizozifunika mwenyewe kwa kitambaa chekundu. Mimi ni fundi cherehani, na siku hiyo kazi yangu ilikuwa kupanga foleni. Basi mama hakuiona sura ya mpenzi wangu, wala yeye hakujua anaongea na nani.

"Haya, unaona nini?"

"Weee! Kina pete! Mmekichora?"

"Hatujakichora, mama. Ni sayari ya Zohali yenyewe."

"Mbona inatoroka?"

"Haitoroki. Dunia yetu ndiyo inazunguka. Ngoja niisogeze darubini."

Akaisukuma kwa kidole, taratibu, kama anavyonigusa shavu. Mama akaangalia tena, akaangalia mpaka wa nyuma wakaanza kuguna. Halafu, bila kuinua kichwa:

"Nyie mnaokesha hivi, wake zenu mnawaachia nani?"

Mungu wangu! Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mimi sina mke, mama. Mchumba ninaye, ila mama yake hanitaki."

Mama akainuka polepole.

"Hakutaki kwa nini?"

"Anasema binti yake atalala peke yake."

"Kwani uongo?"

Sema uongo, nilimwomba kimoyomoyo. Mdanganye tu, tuoane!

"Ni kweli. Usiku mwingine atalala peke yake, siwezi kuficha. Lakini nikiona kitu kizuri angani, nitamwamsha tukione wote."

Mama akaiachia darubini, akamgeukia. Marehemu baba alikuwa mlinzi wa usiku. Nilikua nikijua kwamba katika nyumba yetu kitanda kikubwa kilikuwa cha mtu mmoja.

"Mume wangu alikuwa mlinzi," akasema, sauti imeshuka. "Mtu mwema. Akirudi alfajiri ananyata, eti asinisumbue. Na mimi niko macho, najifanya nimelala, nangoja aniamshe. Hakuniamsha hata siku moja."

Juu yetu nyota zilikuwa nyingi mno, na zote zikalowa machozi machoni mwangu. Nilimpenda mama usiku ule kuliko siku zote.

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Huyo binti yuko wapi?"

"Yupo hapa hapa, ndiye anayepanga foleni."

"Najua. Nimemsikia anavyovuta kamasi. Wewe mwenye tochi, njoo!"

Nikaenda. Mpenzi wangu akashtuka mpaka akaigonga darubini.

"Mama... kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, mama mkwe asiyekutaka."

Akanishika mkono, akapapasa gizani mpaka akaupata wa mwenzangu, akaiweka pamoja.

"Waambie wazazi wako waje nyumbani tuzungumze. Waje mchana, wewe utakuja ukiamka."

"Asante, mama," akajibu mpenzi wangu.

"Shika darubini yako, watu wanangoja." Kisha akanigeukia, akanifuta uso kwa kiganja chake. "Na wewe, akikuamsha usiku, usimnunie."