Siku Mbili za Kuutazama Mnara

Katika zama zile ambazo Kilwa ilikuwa ikipiga sarafu zake yenyewe za shaba, na mabwana zake wakivaa hariri ya Kambaya ya Bara Hindi na kula katika sahani za Kichina, alikuwako mjini fundi mwashi aitwaye Mahfudhi bin Mtaka. Alijua kuchonga tumbawe likiwa bado bichi, alijua tanuri ya chokaa ichomwe siku ngapi, na alijua pia kwamba yeye ni hodari. Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Mwaka mmoja alikwenda kuhiji pamoja na dada yake mkubwa, Mwana Mize, mjane. Mwana Mize alimwacha nyumbani bintiye wa pekee, Somoe, aliyekwisha kuposwa. Harusi iliwekwa mpaka mama arudi, kwani Somoe aliapa kwamba hatapakwa hina na mkono mwingine ila wa mama yake.

Hija ikaisha salama. Walichobakiwa nacho ni kutafuta chombo Jidda na kurudi kwao. Lakini huko Makka, mahujaji wa Maghribi walimweleza Mahfudhi kwamba katika bandari ya Iskandaria upo mnara mkubwa wa kale, umepasuka kwa mitetemeko ya ardhi lakini bado umesimama, na mawe yake hayakuungwa kwa chokaa bali kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. "Nikirudi Kilwa bila kuuona," alimwambia dada yake, "nitakufa na dukuduku." Mwana Mize akakubali shingo upande. Wakavuka bahari hadi bandari ya Aidhabu, wakakata jangwa juu ya ngamia, wakateremka na mto Naili, na mwisho wakaingia Iskandaria.

Mji ulimlewesha. Alizunguka tangu asubuhi hadi jioni akipapasa kuta kama mnunuzi anayekagua ng'ombe, huku dada yake akimngoja katika nyumba ya wageni. Mnara wenyewe aliutazama kwa nje mara tatu. Bawabu wake alimwambia kwamba mafundi wanaegemeza nguzo ndani, arudi Alhamisi. Msafara wa kwenda Kairo ulikuwa unaondoka Jumanne.

"Twende zetu, ndugu yangu," alisema Mwana Mize. "Umeuona. Una kimo, una mapana, una nyufa. Kumebaki nini?"

"Dada, fundi hatosheki na nje. Nataka kuona maungio. Siku mbili tu, kisha tutafuata msafara mwingine."

"Huo mwingine lini?"

"Wanasema wiki ijayo."

"Mwanangu ananingoja mimi, Mahfudhi. Hakungoji wewe na risasi yako."

Mahfudhi akacheka, akambusu dada yake mkono. Alikuwa mtu ambaye huwezi kumkasirikia kwa muda mrefu, na watu wa namna hiyo wana hatari yao. Msafara ukaondoka Jumanne bila wao.

Jumatano zikaonekana merikebu. Hapa sina budi kuwasema watu wa Kilwa. Siku hizo hawakuwa wamewahi kupigwa kutoka baharini. Kwao tanga likitokea ni furaha; watu huteremka pwani kuwalaki wageni, na hakuna aliyewahi kufikiri kujenga ukuta upande wa maji. Cha ajabu ni kwamba watu wa Iskandaria, wenye kuta na mahandaki, siku ile walifanya yaleyale. Walisema hao ni wanunuzi wa pilipili manga kutoka nchi za Warumi. Wakatoka na mikeka na watoto wao kwenda kutazama, na wauza halua wakawafuata.

"Njoo uone, dada!" Mahfudhi aliita kutoka darini. "Zimepita sabini!"

Mwana Mize akapanda, akatazama kwa muda. "Kwetu jina la nahodha hujulikana kabla hajatia nanga. Hawa ni kina nani?"

"Wafanyabiashara."

"Mbona hawashuki?"

Mahfudhi akaendelea kuhesabu matanga. Asubuhi ya Alhamisi akavaa joho lake, akamwambia, "Usitoke hapa. Nitarudi kabla ya adhuhuri," akatoka kwa lango la bahari kuelekea mnarani.

Hawakuwa wafanyabiashara; walikuwa Wafaranji, askari wa msalaba kutoka Ulaya, nao walishuka jua likiwa bado chini. Walikuja kwa mashua, wamevaa deraya za chuma na chapeo zilizofunika nyuso, na kutoka matumboni mwa merikebu wakatoa farasi. Wenyeji waliwakabili kwa pinde na ngao za ngozi. Mabedui waliwarukia na mikuki, vifua wazi, wakauawa palepale majini. Umati ukageuka ukakimbilia lango, na Mahfudhi akiwa ndani yake. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi wake alihofia kwamba watu wenye taharuki wataiba bidhaa za ghala la ushuru, akalikomea kwa ndani na kulisukumia mawe.

"Fungua! Kuna watoto huku!"

"Nina amri!" alijibu mtu kutoka juu.

Wengi walifia pale, mikono yao juu ya mbao. Mahfudhi na wachache wakakimbilia mnarani, na kwa kuwa mnara haukuwa na mali, Wafaranji hawakujishughulisha nao.

Basi akaingia ndani kama alivyotamani. Nami sitamfichia siri: hata katika saa ile, makelele ya mji yakimfikia, alitia kidole katika maungio na kuipapasa ile risasi. Ilikuwa kweli. Kisha akachungulia katika ufa, akaona sehemu ya ukuta iliyo karibu na lango haina askari hata mmoja. Akaona ngazi zikiegemezwa hapo, akaona moshi. Siku mbili alitazama. Siku ya tatu akaona misururu ya watu waliofungwa kamba wakipelekwa kwenye mashua, na miongoni mwao mwanamke aliyejitanda ukaya wa buluu wa dada yake. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeinua kichwa.

Merikebu zilipoondoka akarudi katika nyumba ya wageni. Mlango ulikuwa chini. Mchukuzi mmoja mzee, aliyejificha kisimani, alimwambia, "Yule mama wa Kilwa? Tulimsihi akimbilie nasi lango la Kairo. Akasema ndugu yake kaahidi kurudi kabla ya adhuhuri."

Mahfudhi alifika Kilwa mwaka uliofuata. Alimwambia Somoe, "Ni kudra, mwanangu. Wafaranji waliuvamia mji sisi tumo ndani." Somoe akavaa kaniki, harusi ikaahirishwa. Waandishi wa historia waliandika majina ya maamiri na hesabu ya merikebu. Mwana Mize hakuandikwa popote.

Siku za msiba zilipopita, waungwana wakaanza kuja barazani kwake, kadhi akiwa mmoja wao, maana Kilwa nzima hapakuwa na mwingine aliyeuona mnara. Mwanzoni alisitasita. Halafu ulimi ukapata moto, mikono ikaanza kuchora hewani.

"Kuingia ndani kulikuwa na kazi, mabwana. Mafundi walikuwa wakiegemeza nguzo. Msafara wetu ulipoondoka Jumanne, nikasema mimi sibanduki, nangoja Alhamisi..."

Pazia la mlangoni likasogea. Somoe akatoka.

"Mjomba, msafara uliondoka Jumanne?"

Mikono ya Mahfudhi ikabaki hewani.

"Na Wafaranji walishuka lini?"

"Alhamisi."

"Mama alitaka kuondoka na msafara?"

Kadhi akainamisha kichwa. "Alitaka," akasema Mahfudhi.

Somoe hakulia. Aliwatazama wageni mmoja mmoja, kwa adabu zote alizofunzwa na mamake.

"Endelea, Mjomba," akasema. "Wageni hawajajua bado urefu wa mnara."

Na Mahfudhi, asiyejua afanye nini na mikono yake iliyobaki hewani, akawaambia.