Mtu wa Benki Mwenye Salamu Nzuri

Haya, sogeeni tuzungumze. Nawaambia mapema kwamba nimechoka, na hadithi hii nayo imechoka kusimuliwa. Kila nikidhani imewaishia wengine, nasikia imempata mtu ninayemjua. Safari hii imempata Dobi.

Jina lake analo, lakini mtaa mzima unamwita Dobi kwa sababu anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Ni mjane. Anaishi vyumba viwili na mama yake mzazi, na ile Ijumaa jioni nyumba yao ilikuwa shwari kabisa. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Mama alikaa kitandani akikunja soksi kwa kupapasa, maana macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na alichobaki kuona ni mwanga na vivuli tu. Jumatatu asubuhi alikuwa afanyiwe upasuaji wa jicho la kwanza. Fedha za upasuaji zilikuwa benki, kwenye akaunti ya Dobi. Nusu alizipata kwa pasi, na nusu nyingine alitoa mdogo wake wa kiume, fundi umeme ambaye kwa kazi yake na wembamba wake wanamwita Waya.

"Jumatatu nikitoka huko," mama alisema, "kitu cha kwanza, naenda chooni peke yangu."

"Makubwa! Wenzako wanatamani kuona dunia, wewe unatamani kuona choo?"

"Wewe hujashikwa mkono miaka miwili kama mshitakiwa. Nimechoka, mwanangu."

Wakacheka wote wawili. Dobi alikuwa bado hajavua hata viatu vya kazini, miguu imemvimba, vidole vimekauka kwa sabuni. Ndipo simu ikalia mlio wa ujumbe.

Ujumbe ulisema: "Ndugu mteja, akaunti yako imefungwa kwa sababu za kiusalama. Usipoihakiki leo utapoteza fedha zako. Piga namba hii haraka." Chini yake kulikuwa na namba ya simu ya mkononi, ya kawaida tu, kama yako na yangu. Hebu niambieni, tangu lini benki ikatumia namba kama ya muuza mkaa? Lakini Dobi hakuitazama namba. Alichokiona ni Jumatatu, kaunta ya hospitali, na yeye amesimama hapo mikono mitupu. Akatoka nje uani, akapiga.

"Huduma kwa wateja," kijana akapokea, sauti tulivu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeletewa ujumbe hapa, sielewi."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Kwanza pole na kazi. Nasikia kwenye sauti yako umechoka."

Hapo ndipo alipompata, jamani. Hakumpata kwa vitisho. Msimamizi wa pale kwenye kufulia hajawahi kumwambia Dobi pole tangu aanze kazi, na madaktari wanaovaa makoti aliyoyanyoosha wanampita kama mlango. Sasa mtu asiyemjua anamwamkia, anampa pole, anamwita mama. Dobi akaona aibu hata kumuuliza ni nani. Kumshuku mtu mwenye salamu nzuri namna ile aliona ni ukosefu wa adabu.

"Utaletewa namba sita sasa hivi," kijana akasema. "Unisomee taratibu, nikufungulie."

Namba zikaingia. Juu yake pameandikwa kabisa: usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki.

"Mwanangu, mbona hapa wanasema nisimpe mtu?"

"Umefanya vizuri kuuliza, mama. Wateja wote wangekuwa makini kama wewe, tungepumzika. Hilo onyo ni kwa ajili ya matapeli. Mimi ndiye ninayekulinda nao."

Akavishwa kilemba cha ukoka, nacho kikamkaa. Akazisoma namba zote sita, moja baada ya nyingine, tena akazirudia asije akakosea. Kijana akamshukuru, akamwombea usiku mwema. Dobi akarudi ndani, akabandika maji ya chai. Yalipochemka, ujumbe mwingine ukaingia, huu sasa wa benki yenyewe: fedha zote zimehamishwa.

Akapiga ile namba. Haipatikani. Akapiga tena na tena, haipatikani.

"Kuna nini huko?" mama akauliza kutoka chumbani.

"Hakuna kitu, mama. Nimechoka tu."

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kuibiwa peke yake hakukumwangamiza Dobi. Nyuma ya kadi yake ya benki palikuwa na namba ya simu inayopokelewa saa zote, usiku na mchana. Kadi ilikuwa kwenye pochi, na pochi alikuwa nayo kwapani. Hakuitoa. Aliona aibu. Mwezi uliopita mwenzake wa kazini alitapeliwa hivyo hivyo, na Dobi ndiye aliyeongoza kumcheka: "Mtu mzima na akili zako unatoaje namba ya siri?" Leo aanzie wapi? Na Waya amwambie nini, wakati Waya ndiye aliyesema fedha zikae kwa dada kwa kuwa dada ni makini?

Akajikaza kisabuni. Jumamosi Waya alipiga simu.

"Dada, mambo ya Jumatatu yako sawa?"

"Yako sawa, mdogo wangu."

"Kila kitu?"

"Nimekwambia yako sawa, Waya. Mbona unanihoji?"

Jumapili akapigiwa simu na mwanamke mmoja, naye ana salamu zake, akisema yeye ni afisa wa kufuatilia fedha zilizoibiwa. Fedha zimepatikana, zimebaki gharama ndogo za kuzifungulia. Dobi hakujiuliza huyu afisa kajuaje, wakati yeye hajamwambia hata mama yake. Anayemjua mtu aliyeibiwa ni mwizi wake, jamani! Akakopa kwa jirani, akatuma. Afisa naye akawa hapatikani.

Jumatatu kulipokucha, Dobi alimkuta mama yake ameshaoga. Amevaa gauni lake la kijani, amefunga kitambaa kipya kichwani, amekaa ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani. Hospitali walimwambia asile kitu, kwa hiyo tangu jana usiku hakugusa hata maji. Amejaa furaha.

"Twende, mwanangu. Tukichelewa watamwita mwingine."

 Dobi akapiga magoti sakafuni, akamshika mama miguu, akasema yote.

Mama hakupiga kelele. Aliupapasa mkoba wake, akaufungua, akaufunga. "Kwa hiyo nilioga bure," akasema.

Waya alifika na gari la kukodi la kuwapeleka hospitali, akaambiwa yote, na gari likageuzwa kwenda benki. Mhudumu wa benki alikuwa dada mmoja wa makamo, macho mazito kama mtu ambaye hadithi hii ameshaisikia kabla ya chai. Akabonyeza kompyuta, akasoma, akashusha pumzi.

"Dada, fedha ziliingia kwenye akaunti nyingine hapa hapa kwetu. Zilikaa pale Ijumaa, zikakaa Jumamosi nzima. Zimetolewa jana. Ungetupigia simu Ijumaa, au hata Jumamosi, tungezizuia."

"Zote?" Waya akauliza.

"Zote. Sasa naifunga akaunti ya dada, nanyi mtoe taarifa polisi. Msifute ujumbe wowote. Lakini sitaki kuwadanganya, matumaini ni madogo."

Waya alimgeukia dada yake. Dobi alisubiri matusi, na nadhani matusi yangemfaa kuliko alichosikia. "Juzi nilikuuliza," Waya alisema. "Nilikuuliza mara mbili, dada." Halafu akaenda kusimama mlangoni, akiwapa mgongo.

Wakaanza safari ya kurudi nyumbani. Upasuaji ulikuwa umepewa mgonjwa mwingine, na foleni ya wanaosubiri ilikuwa ndefu. Garini mama alimshika Dobi mkono.

"Kila ulipokwenda kuoga, nilikusikia unalia," akasema. "Ijumaa, Jumamosi, jana. Mimi sioni, lakini masikio ninayo."

"Sasa mama, mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani unamlilia marehemu mumeo. Nikasema nisikuingilie, unifiche upendavyo." Akaubana ule mkono. "Ningekuuliza ile Ijumaa, leo ningekuwa naona."

 

Tuliloachiwa na Dobi

Ndugu zangu, benki haitakuomba namba ya siri wala namba inayotumwa kwenye simu yako, hata anayepiga awe na adabu kiasi gani. Ujumbe unaokuharakisha na kukutisha, acha kuujibu. Chukua kadi yako, piga namba iliyo nyuma yake, au nenda benki kwa miguu yako. Kumkatia simu tapeli si utovu wa adabu. Mkatie hata kama hajamaliza salamu.

Na ikishatokea, usijifungie bafuni. Sema saa ile ile: waambie benki, waambie polisi, waambie wa nyumbani. Anayekuja baadaye kukudai gharama ili akurudishie fedha zako ni tapeli yule yule, au mwenzake. Na ukimsikia mwenzako ametapeliwa, usimcheke, maana kesho ataogopa kusema, na saa anazoogopa ndizo mwizi anazozitumia. Ukimsikia wa kwako analia, gonga mlango umuulize. Akikukasirikia, mwache akasirike, lakini umeshamuuliza.