Saa za Mama

Nyumbani kwa Chiriku, chakula cha jioni kililiwa na watu wawili na simu moja. Mama yake alikuwa dalali, kazi yake kuwatafutia watu nyumba za kupanga. Simu aliiweka kando ya sahani, na mara nyingi ililia kabla sahani haijafika nusu.

“Dalali, ndiyo natoka kazini. Naweza kuiona ile nyumba sasa hivi?”

“Njoo, ndugu yangu, utanikuta,” Mama alijibu, huku miguu yake ikitafuta viatu chini ya meza.

“Mama, hiyo simu ndiyo kifungua mimba wako,” Chiriku alimtania. “Mimi kitinda mimba tu.”

Mama alicheka. “Wateja wangu wanashinda kazini, mwanangu. Wakitoka ndipo wanapotafuta nyumba. Asubuhi wewe ukiwa shuleni, mimi ofisini nafukuza nzi.”

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alielewa. Lakini kuelewa hakukumwondolea uchungu. Alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya shule, na Mama hakuwa amewahi kumwona akicheza hata mara moja. Kila alipoahidi kuja, mteja alimgeuza njiani. Safari hii aliapa: “Jumamosi hii, hata nyumba zote ziote miguu zikimbie, nitakuja!”

Jumamosi ilipofika, Mama alikuwa bafuni simu ilipolia. Chiriku aliipokea.

“Hujambo, mwanangu? Mwambie mama ni yule muuguzi aliyeulizia nyumba ya chini, karibu na hospitali. Naomba nije kuiona saa tisa. Tunakokaa tunatakiwa tuhame, na baba yangu miguu haimbebi tena.”

Saa tisa ndiyo ilikuwa saa ya mechi. Chiriku alitazama mlango wa bafu. Maji yalikuwa bado yanamwagika.

“Ile nyumba… imeshapata mtu,” alisema.

Muuguzi alijibu: “Haya, mwanangu. Haikuwa riziki yangu.”

Mchana ule Mama alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. “Huyo wangu huyo! Nimemzaa mwenyewe!” alipiga kelele mpaka watu wakacheka. Lakini Chiriku alikosa magoli ya wazi. Kila alipoinua mpira, akilini alimwona mzee asiyemjua akihangaika kuinua mguu.

“Leo mikono umeiacha nyumbani?” mwenzake alimfokea.

Mechi ilipokwisha, simu ya Mama ikalia. Alikuwa bibi mwenye ile nyumba ya chini, na sauti yake ilisikika hata kwa waliosimama kando.

“Wewe dalali! Nyumba yangu umempa nani bila kuniambia? Nimekutana na muuguzi dukani, ananiambia kwako kajibiwa imepata mtu, akaenda zake kabla sijamjibu. Mbona kwangu hajaja hata paka? Nirudishie ufunguo jioni hii, nimpe dalali mwenzako!”

“Haki ya Mungu, bibi, mimi sijasema hivyo.”

“Kwa hiyo muuguzi ni mwongo?”

Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. “Sijui, bibi. Labda ni kweli, labda ana lake jambo…”

Chiriku hakuweza kuvumilia kusikia mtu mwema akisingiziwa. Alimvuta Mama mkono. “Muuguzi hakusema uongo. Mwongo ni mimi.”

Mama alikata simu taratibu. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, bila kumkatiza.

“Chiriku, unajua dalali anauza nini?”

“Nyumba.”

“Nyumba zina wenyewe. Mimi nina neno langu tu. Leo umeliuza bila kuniuliza.”

Walianza kwa bibi. Chiriku aliomba radhi huku machozi yakimtoka. Bibi alinung’unika kwamba mdomo ule ulihitaji komeo, ila alikubali ufunguo ukae kwa Mama mpaka kesho mchana. Kutoka hapo walikwenda kumsubiri muuguzi kwenye lango la hospitali anakofanya kazi, maana simu yake ilikuwa imezimwa. Alifika jua likizama, mkoba begani.

“Shikamoo,” Chiriku alisema. “Mimi ndiye niliyekudanganya. Nyumba ipo. Nilitaka Mama aje anione nikicheza.”

Muuguzi alishusha mkoba. “Marahaba. Kumbe ni wewe! Kesho ningechukua nyumba ya ghorofani kwa dalali mwingine. Nilishaanza kuwaza nitambebaje baba kwenye ngazi.” Alitazama lango. “Ila sasa naingia zamu ya usiku, natoka asubuhi. Na asubuhi nyinyi madalali si mnalala?”

Mama akacheka. “Tunalala? Asubuhi ndiyo nakaa bure! Mbona hukuniambia una nafasi asubuhi?”

“Mbona hukuniuliza?”

Asubuhi walikutana kwenye nyumba. Mama alifungua mabomba kwanza, kisha madirisha. Alizoea kusema mteja asidanganywe na rangi ya ukuta. Muuguzi, macho mekundu kwa kukesha, hakutazama rangi wala madirisha. Alitoka nje, akaingia tena, akipapasa kizingiti kwa mguu. Hapakuwa na hata ngazi moja.

“Baba ataingia mwenyewe,” alisema. “Naichukua.”

Kisha akamgeukia Chiriku. “Wako wagonjwa wanaoumwa tumbo wakaniambia kichwa. Nawapa dawa ya kichwa, wanarudi nyumbani na tumbo lao. Wewe ulikuwa unamkosa mama yako, ukaja kunifungia mimi nyumba. Siku nyingine mwambie mwenyewe panapouma. Ukweli ndio unaopata dawa.”

“Na mimi nina langu,” Mama alisema. “Nilidhani kazi nzuri ni kuitika kila saa. Kuanzia leo kila mteja nitamuuliza nafasi yake, nami nitamtajia yangu. Wa zamu za usiku nitawapa asubuhi. Anayefanya kazi kwa bidii hupanga saa zake. Asipozipanga, watu wengine humpangia.”

Alimshika Chiriku bega. “Haya, mteja wangu mkubwa, hukuwahi kuulizwa. Nafasi yako ni lini?”

“Jumamosi, saa tisa,” Chiriku alijibu. “Na safari hii nitafunga.”