Mpaka Aseme Achia

Asubuhi ile ya Jumatano, Remigius alikanyaga breki mara tatu kabla ya kutoka getini kwake Ganako, kama alivyofanya kila asubuhi kwa mwaka mzima. Mara ya kwanza pedali ilizama mpaka chini. Mara ya pili ikaishia nusu. Mara ya tatu ikashika. Akaridhika, akaingiza gia, akaondoka. Sisi majirani tulikuwa tukimtania kwamba gari lake ni kama nyumba ya wakwe, haliitikii mpaka upige hodi tatu. Alicheka pamoja nasi, lakini kilikuwa kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

Tulidhani ni ubahili. Dereva wa miaka kumi na tisa, aliyepandisha na kuteremsha watalii wa kila rangi milima ya Ngorongoro, anajua vizuri kwamba breki ya kupampu ina upepo ndani, na upepo huo hutolewa kwa kazi ya nusu saa tu. Mtu mmoja anakaa kwenye usukani, fundi analala chini ya gari. Fundi anaita, "Kanyaga!" Wa juu anakanyaga. Fundi anaita, "Shikilia!" Wa juu anabana pedali isirudi, wa chini anafungua nati, upepo unatoka pamoja na mafuta, nati inafungwa. Ndipo fundi anasema, "Achia." Ni maneno matatu, hata mtoto anayaweza. Lakini kwa mwaka mzima Remigius hakumruhusu fundi yeyote alale chini ya lile Landkruza lake kuukuu, na sababu hakumwambia mtu.

Fundi wa mwisho kulala pale alikuwa Valeriani, rafiki yake tangu siku za kipaimara. Walikuwa wakitoa upepo nyuma ya gereji ya Valeriani, mahali penye mteremko kidogo. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limefunguliwa, gari liko juu ya jeki, hendibreki ni mbovu. Kilicholizuia ni jiwe moja chini ya tairi la mbele na mguu wa Remigius. Jeki iliteleza. Ndivyo Remigius alivyowaambia polisi, padri na mjane, na watu wakaamini, maana jeki huteleza. Siku ya maziko Laurencia, mke wa Valeriani, alichukua spana namba kumi ya mumewe, ile ambayo Valeriani aliifunga kitambaa chekundu kwa mkono wake ili isiibiwe, akaiweka ndani ya jeneza kabla halijafungwa.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Misa ya kumbukumbu ilipangwa Jumamosi, na Laurencia alitaka kondoo wa kutoka Nainokanoka kwa Lekoko, mfugaji ambaye pikipiki yake ilitengenezwa na Valeriani miaka mingi. "Shemeji, nipeleke," alimwambia Remigius. Angekataaje? Mtu aliyebeba jeneza la mumewe angesema hana nafasi?

Walipanda vizuri. Mlima wa kupanda haudai breki. Nainokanoka walifika saa nne, jua likiwa limepenya mawingu kidogo, na Laurencia akaingia bomani kuchagua kondoo pamoja na Nanyokie, mke wa Lekoko. Remigius alibaki nje, ameegemea uzio. Lekoko akamletea chai ya maziwa, akabaki amesimama akilitazama gari.

"Na yule fundi yenu hanywi chai?" Lekoko aliuliza.

"Fundi gani?"

"Yule amelala chini ya gari. Mimi nimeona miguu. Nimesalimia, haitikii."

Remigius aliweka kikombe chini. Akalizunguka gari, akainama. Hapakuwa na mtu. Lakini majani yaliyokuwa yamesimama wakati anaegesha yalikuwa yamelala, urefu wa mtu mzima, na upande wa tairi la nyuma kushoto yalikuwa yamelowa mafuta.

Alimwambia Lekoko kwamba macho ya mtu yakikaa sana juani yanaona vingi.  Lekoko aliwasaidia kumfunga kondoo nyuma ya viti, akawaaga, na walipoanza kuondoka akasimama katikati ya njia akilitazama gari mpaka walipokata kona.

Ukungu uliwakuta kwenye njia panda ya juu ya kreta. Kutoka pale mpaka geti la Loduare ni mteremko mtupu, msitu huku, korongo kule, udongo mwekundu unaoteleza ukipata hata umande. Remigius aliingiza gia ya pili na kuanza kushuka taratibu. Laurencia alikuwa akizungumza habari za misa, nani atasoma, nani atapika. Remigius aliitikia bila kusikia. Masikio yake yalikuwa chini, kwenye pedali.

Kona ya kwanza, hodi tatu. Ikashika. Kona ya pili, hodi nne. Ikashika, lakini kwa uvivu. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa huchemka kwenye mteremko, na yakichemka huzaa upepo juu ya upepo. Alilijua hilo. Alikuwa amewafundisha madereva wenzake mara ngapi? Aliogopa. Akataka kurudisha gia ya kwanza, na hapo ndipo mti wa gia ulipolegea mkononi mwake, ukawa unachezacheza bila kuingia popote.

Gari likapata uhuru.

"Shemeji, mbona mbio?" Laurencia aliuliza.

Akakanyaga. Pedali ikazama. Akakanyaga tena. Ikazama. Hodi tano, hodi nane, hodi kumi. Hakuna aliyeitikia. Hendibreki aliivuta ikamfuata juu bila uzito, kwa sababu waya wake ulikuwa bado umekatika tangu mwaka jana. Mbele, kona ilikuwa inatoka ukunguni, na nyuma ya kona hapakuwa na kitu ila weupe.

Laurencia alianza Salamu Maria. Kondoo alinyamaza.

Ndipo sauti ikaja. Haikutoka redioni, wala nje. Ilitoka chini ya sakafu, chini kabisa ya viti vyao, sauti ya mtu aliyelala chali akiongea na bati.

"Kanyaga."

Mguu wa Remigius ulitii kabla akili yake haijakataa. Pedali ilikuwa ngumu. Ngumu kama siku gari lilipotoka kiwandani. Matairi yakalia, gari likayumba, likasimama pua ikiwa imechungulia korongoni.

"Shikilia," sauti ikasema.



Laurencia alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Hakumgeukia Remigius. Alikuwa akiitazama sakafu.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Sijasikia kitu."

"Huyo ni Valeriani."

 Remigius alijaribu kulegeza mguu kidogo, unene wa ukucha tu. Gari likasogea mbele. Kokoto zikaporomoka, na hawakusikia zikifika chini. Akakanyaga tena kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka ndani ya baridi ile.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Simu hazikuwa na mtandao. Hakuna gari lililopanda, hakuna lililoshuka, na barabara ile siku za kawaida haipumziki. Mlango wa upande wake ulikuwa korongoni. Paja lilianza kutetemeka. Ganzi ikapanda kutoka kwenye vidole, ikafika gotini. Mtu anaweza kukimbia simba, anaweza kukimbia moto, lakini yeye alikuwa amefungwa na unyayo wake mwenyewe. Na kila alipofikiri kwamba hawezi tena, sauti ilirudi palepale chini, bila hasira, bila haraka.

"Shikilia."

"Shemeji," alisema hatimaye, "shuka polepole. Tafuta jiwe kubwa, uliweke mbele ya tairi. Mguu unaniisha."

Laurencia alifungua mlango. Kinyesi cha nyati kilikuwa njiani, bado kinafuka moshi. Akajifunga kanga vizuri, akashuka, akapotea ukunguni. Remigius alimsikia akihangaika na jiwe ukingoni. Akasikia hatua zake zikirudi, nzito. Zikasimama karibu na tairi la nyuma kushoto.

Hazikuja mbele.

"Shemeji, ni tairi la mbele!" aliita.

Akasikia mnong'ono. Laurencia alikuwa ameinama na alikuwa akizungumza. Anauliza, ananyamaza. Anauliza tena, ananyamaza. Katikati ya maneno yake palikuwa na mlio mdogo ambao Remigius aliujua kuliko sauti ya mama yake mzazi. Spana kwenye nati. Inafungua. Inafunga.

Laurencia alikuja upande wa pili wa gari, akasimama kwenye mlango ulioachwa wazi. Uso wake ulikuwa umelowa, kwa ukungu au kwa machozi.

"Simu ilikuwa ya nani?" aliuliza.

 Habari ya simu Remigius hakuwahi kuisema. Si kwa polisi, si kwenye kitubio. Hapa duniani walioijua walikuwa wawili, na mmoja alikuwa ardhini.

"Simu gani, shemeji?"

Pedali ikazama. Kidogo tu. Gari likasogea, bati la chini likakwaruza ukingo.

"Nitasema!" alipiga kelele. "Nitasema, jamani, nitasema!"

Pedali ikasimama.

Akasema. Kwamba jeki haikuteleza. Kwamba Valeriani alikuwa amemwambia, "Shikilia hapo hapo, nahamisha jiwe," na kwa dakika ile kilicholizuia gari ni mguu wake peke yake. Kwamba simu ililia kwenye dashibodi, upande wa abiria, mbali. Kwamba alijinyoosha kuichukua. Mguu ukatoka.

"Ya nani?" Laurencia aliuliza tena, polepole.

Remigius alianza kulia kama mtoto. "Yako, shemeji. Ilikuwa simu yako."

 Laurencia alikumbuka, ilionekana usoni. Saa saba mchana, chakula kiko tayari, simu ya Valeriani imezimwa, akampigia Remigius ili wote wawili waje kula. Iliita mpaka ikakatika. Alikuwa amepika makande.

"Mwaka mzima," alisema. "Umekaa kwangu, umekula kwangu, na umeniacha niilaumu jeki."

"Nisamehe."

"Jumamosi, baada ya misa, utasimama mbele ya watu na kuyasema haya yote."

"Nitasimama."

Laurencia alilitazama gari, akamtazama yeye. Kisha akasema, "Toa mguu, shemeji."

"Jiwe umeweka?"

"Toa mguu."

Hakuwa na la kufanya. Mguu wenyewe ulikuwa umekufa. Alifumba macho, akautoa.

Gari halikusogea.

Alijiburuta kupitia kiti cha abiria, akaanguka chini kwenye udongo, akakumbatia ardhi. Alipoweza kuinuka alilizunguka gari akitafuta jiwe lililowaokoa. Tairi la mbele, hakuna. La nyuma, hakuna. Akageuka. Laurencia alikuwa bado amesimama palepale, na jiwe lilikuwa mikononi mwake, amelipakata kifuani.

Ukungu ulipofunguka, trekta la kutengeneza barabara likapanda, likawavuta mpaka getini.  Gari lilifungwa mnyororo likashushwa Karatu, na Ijumaa asubuhi Remigius akalipeleka kwa Isaya, fundi wa makamo ambaye hana maneno mengi. Alimwambia afungue kila kitu, paipu, mipira ya breki, waya wa hendibreki, mafuta, pasibaki cha zamani hata kimoja. Laurencia naye alikuja. Alisema anataka kuiona kazi ikiisha. Akakaa kwenye benchi la ukutani, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye gari.

Isaya aliweka vigingi kwenye kila tairi, akalijaribu kwa kulisukuma, ndipo akaingia chini. Remigius akakaa kwenye usukani, simu yake ameiacha nyumbani. Matairi matatu ya kwanza hayakusumbua. Likabaki la nyuma kushoto.

"Kanyaga," Isaya aliita.

Akakanyaga.

"Shikilia."

Akashikilia. Akasikia spana. Inafungua. Inafunga. Akangoja.

Isaya alijivuta nje, akasimama, akajipangusa mikono. Tabasamu adimu lilimtoka, akamwelekea Laurencia pale ukutani. "Asante kwa spana, mama. Yangu ilinidondoka, nikanyoosha mkono tu bila kutazama, ukanipa."

Laurencia hakuwa ameondoka kwenye benchi. Remigius alikuwa akimwona muda wote.

Spana iliyokuwa mkononi mwa Isaya ilikuwa namba kumi. Ilikuwa na kitambaa chekundu, kimefungwa mafundo mawili, na udongo ulikuwa umejaa mdomoni mwake.

Isaya alikuwa amesimama nje, mbele ya macho yao wote. Chini ya gari hapakuwa na mtu. Mguu wa Remigius ulikuwa bado kwenye pedali.

"Achia," sauti ikasema kutoka chini, taratibu, kama mtu aliyechoka ambaye kazi yake imeisha.

Jumamosi Remigius alisimama mbele ya watu kama alivyoahidi, na ndivyo sisi tulivyoyajua haya. Wapo walioamini na wapo waliosema anatafuta huruma. Hao wa pili tuliongozana nao jioni ileile mpaka makaburini. Spana iko kwa Laurencia, imetundikwa jikoni, kila mtu ameiona. Kaburi la Valeriani tulilizunguka mara mbili, tukaligusa kwa mikono. Saruji yake ni ileile ya mwaka jana, na haina hata ufa.