Jiwe la Fidele

Jumamosi, umande ukiwa bado kwenye migomba, Costansia alikuwa ameshafagia uwanja, ameteka maji na kuwafunga mbuzi malishoni. Jumamosi ilikuwa siku ya gulio la Isingiro, na msichana huyu wa darasa la tano alilipenda gulio kuliko sikukuu. Hasa alipenda kwenda peke yake.

"Leo utakwenda na Fidele," alisema mama yake, Kantengwa, akimnyonyesha mtoto mchanga wa wiki mbili.

"Jamani, mama! Fidele anatembea kama kinyonga, na kila anachokiona anakiuliza."

"Asipouliza atajuaje? Leteni chumvi. Wiki nzima tunakula maharage chapwa. Baba yenu hasemi kitu, lakini namwona anavyotafuna. Na mkono wa mdogo wako usiuachie."

Costansia alinuna njia nzima. Fidele, wa miaka minne, wala hakuwa na habari. Aliuliza habari za buni zilizoanikwa, akauliza kwa nini ng'ombe wa jirani ana pembe ndefu, akaimba.

Ulikuwa mwaka 1982, na chumvi ilikuwa adimu. Ikisikika tu kwamba gunia limefika kwa mzee Elpidius, watu walipanga foleni kabla duka halijafunguliwa. Nani angesimama asubuhi nzima? Kila mtu aliweka jiwe lake kwenye mstari, akaenda zake sokoni. Jiwe lilimshikia nafasi, na watu waliliheshimu. Walipofika dukani, Costansia aliokota jiwe jeusi, bapa, akalipanga nyuma ya mengine.

Mara akatokea Celestina, rafiki yake wa shuleni. "Njoo uone! Vitenge vipya vya Uganda!"

Costansia alimtazama Fidele. Kwenda naye? Si watafika jioni!

"Fidele, kaa hapa ulinde jiwe letu. Asilichukue mtu, umesikia?"

"Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi."

Alisema anakwenda mara moja. Thubutu! Vitenge havitazamwi mara moja. Walishika kimoja, wakajifunga kingine, wakabishana kuhusu cha tatu, mpaka sauti ikasikika: "Elpidius amefungua!"

Alirudi mbio. Kwenye mstari hapakuwa na jiwe jeusi, wala Fidele.

"Mdogo wangu yuko wapi? Alikuwa hapa na jiwe!"

"Mimi nimekuta pengo tu," alijibu mwanamume aliyekuwa nyuma. "Kama unataka chumvi, kapange upya. Tena upesi, gunia ni moja."

Costansia alitazama mwisho wa foleni, halafu akatazama barabara. Lori la kwenda Murongo lilikuwa linapita kwa kasi, likitimua vumbi jekundu. Chumvi gani tena! Aliiacha foleni, akaanza kukimbia.

Alimtafuta kwa wauza dagaa, kwa wauza sufuria, mpaka kwenye mbuzi. "Fidele! Fidele wee!" Machozi yalimtoka, na hakujali nani anamwona. Angemwambia nini mama?

"Wewe binti, hata shikamoo hakuna leo?" aliita Bibi Kokwijuka, muuza ndizi mbivu. "Unayemlilia si huyu hapa?"

Nyuma ya mikungu alikaa Fidele, amelikumbatia jiwe jeusi kwa mikono miwili. Pembeni yake palikuwa na ndizi nzima, haijamenywa.

"Nilibanwa na mkojo, dada," alisema. "Nikaja nalo, wasilichukue. Bibi amenipa ndizi, lakini nikimenya litaanguka."

Costansia alipiga magoti, akamkumbatia yeye na jiwe lake, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Nimembembeleza aliweke chini, amekataa katakata," alisema Bibi Kokwijuka. "Ati la dada."

Waliporudi dukani, mzee Elpidius alikuwa anakung'uta gunia tupu. Walirudi kwa Bibi Kokwijuka, ambaye jiwe lake lilikuwa la kwanza kwenye foleni na alikuwa ameshanunua, akawafungia chumvi kidogo kwenye jani la mgomba. "Chukueni mkale. Lakini mama yako umweleze mwenyewe, kweli tupu."

Njiani Costansia alipambana na moyo wake. Angeweza kusema foleni ilikuwa ndefu, basi. Fidele asingembishia. Lakini mama alipofungua lile jani na kuuliza, "Mbona kidogo hivi?" alieleza yote, hata vitenge.

Kantengwa alilikunja lile jani. "Wewe ulimpa Fidele jiwe alilinde. Mimi nilikupa Fidele umlinde. Nani kati yenu amefanya kazi yake?"

Costansia aliinamisha kichwa. "Fidele, mama."

"Umesema kweli, na kwa hilo nakushukuru. Sasa sikia, mwanangu. Mdogo wako haendi gulioni kuwa mzigo. Anakwenda kujifunza, kama nilivyokwenda nawe ulipokuwa mdogo ukiniuliza kila kitu. Mpe kazi anayoiweza, lakini uwe naye. Mtoto halindwi na jiwe."

Jioni ile maharage yalikuwa na ladha, na baba aliongeza sahani ya pili.

Jumamosi iliyofuata Costansia aliushika mkono wa Fidele bila kuambiwa. Celestina alipomwita, alijibu, "Subiri, twende wote watatu." Na Fidele, kwa mkono wa pili, alikuwa amelikumbatia jiwe lake jeusi.