Mgeni wa Nyumba ya Plaiwudi

Kepher Okello alijibu "karibu" bila kuinua macho, misumari ikiwa mdomoni. Hodi ilikuwa imepigwa vizuri, kwa sauti ya mtu mzima mwenye adabu. Alipogeuka, hapakuwa na mtu mlangoni. Kilichokuwa wazi ni kimlango cha nyumba ya plaiwudi aliyoishika mkononi, na alikuwa amekifunga sasa hivi.

Mwaka huo, 1971, wageni walikuwa wamekuja Kericho kupiga sinema ya watu wanaoishi kwenye nyota. Hawakuwa na bahati. Mvua ya kila alasiri ilikula siku zao, waigizaji wawili wakarudi kwao, na tumaini lililobaki ni mji mdogo ambao Kepher, seremala wa kiwanda cha chai, aliwajengea juu ya meza ghalani. Kamera ingeusogelea uonekane mji mkubwa, kisha ungeteketezwa. Nyumba arobaini si mchezo. Alipoishiwa na mawazo, ile ya mwisho, ndiyo aliyokuwa ameishika hodi ilipopigwa, aliinakili kutoka nyumba yake mwenyewe ya layini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai, mpaka dirisha lenye kioo kilichopasuka. Alijicheka kwamba amepeleka layini mbinguni.

Picha za kwanza za mji huo ziliporudi kutoka kusafishwa ng'ambo, walizitazama kwenye shuka lililotundikwa ukutani, ghala likiwa limezibwa madirisha. Nyumba zote zilikuwa giza kama walivyopanga, isipokuwa hiyo ya mwisho. Mle ndani mlikuwa na mwanga, na kitu kilipita dirishani, kikarudi, kikasimama kuwatazama. Mkuu wa sinema alimsifu Kepher kwa ufundi. Kepher hakuwa ameweka balbu yoyote.

Asubuhi alimweleza Mama Drusilla, aliyekuwa akiwaombea watu kanisani kwao. Mama alimuuliza jambo moja.

"Ulimkaribisha?"

"Nilisema karibu, mama. Sikumwona."

"Basi hiyo nyumba isichomwe kabla hujamsindikiza. Fungua mlango, mtoe mpaka barabarani, umwambie kwaheri. Akichomewa, atatafuta nyingine kama hiyo."

Kepher aliogopa kwelikweli. Nyumba nyingine kama hiyo ilikuwa moja tu, na ndani yake alikuwa mkewe Wilkista, peke yake, mimba ya kwanza ikiwa na miezi minane.

Alikimbia ghalani. Jua lilikuwa limetoka, kwa hiyo walikuwa wameutoa mji nje na kuumwagia petroli bila kumngoja. Aliomba dakika moja tu ya kufungua mlango mmoja. Mkuu alitazama mawingu yaliyokuwa yakija, akasema hapana, akainua mkono.

Moto ulishika nyumba thelathini na tisa mara moja, lakini ile ya mwisho ilikaa katikati ya ndimi bila kubadilika rangi, kimlango chake kikigongwa kutoka ndani, polepole, kwa adabu ileile, mpaka ghafla ikaporomoka na kugonga kukakoma, na Kepher akaanza kukimbia kukata mashamba ya chai kuelekea layini, matawi yakimchana miguu, harufu ya gundi iliyoungua ikimtangulia badala ya kubaki nyuma.

Wilkista alikuwa amekaa kitandani. Kikombe chake cha chai kilikuwa mezani, hakijaguswa.

"Kuna mgeni alipiga hodi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimelala. Nikasema karibu."

"Yuko wapi?"

Wilkista hakuonyesha chumba wala mlango. Aliweka viganja vyote viwili juu ya tumbo, akaanza kulia.